Biashara ya usafi wa nyumba Dar es Salaam: mwongozo kamili kwa anayeanza na ndoo nne

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kuliko mwingine wowote huwa hivi: "Dada, nilipata nyumba ya vyumba vitatu Mbezi Beach, nikasema elfu hamsini. Tumemaliza saa mbili usiku, bajaji imekula hela, na mama mwenye nyumba kalalamikia madirisha. Nimekosea wapi?"

Alikosea kwenye simu. Alitaja bei ya nyumba ambayo hajaiona, na mengine yote yakaharibikia hapo: akachukua mtu mmoja badala ya wawili, akabeba sabuni pungufu, akaharakisha, akaacha madirisha nusunusu. Kusugua alikuwa anajua vizuri kabisa.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mtaji mdogo, yeye na mwenzake mmoja, wanaosafisha nyumba za watu hapa Dar. Tarakimu za fedha ni za mfano. Weka za mtaani kwako, lakini usiruke mstari hata mmoja wa hesabu.

## Vifaa kwanza

Kwa timu ya watu wawili:

- Ndoo 4: mbili za maji ya sabuni, mbili za maji safi ya kusuuzia
- Mopu 2 zenye vichwa vya kubadilisha, ufagio laini wa ndani, ufagio wa chelewa, fagio la buibui lenye mpini mrefu, kizoleo
- Vitambaa vya maikrofaiba 16, vya rangi nne
- Mpira wa kukaushia vioo, kikwanguo cha plastiki, brashi ngumu ya mkono, miswaki ya zamani, sponji na madodoki
- Glovu za mpira jozi 4 (za chooni zisiingie jikoni), barakoa, na viatu vya mpira visivyoteleza
- Ngazi ya kukunja ya hatua nne au tano
- Sabuni ya maji, sabuni ya unga, Jik, dawa ya choo ya aina ya Harpic, siki nyeupe
- Chupa 4 za kupulizia, kila moja imeandikwa ubavuni kilichomo
- Foronya mbili kuukuu. Utaona kazi yake
- Daftari, kalamu, na simu yenye kamera

Rangi za vitambaa si urembo. Nyekundu ni choo, njano ni sinki na kuta za bafu, kijani ni jikoni, bluu ni vyumba na sebule. Mwenye nyumba akikuona unatoa kitambaa kilekile chooni na kwenda nacho kwenye meza ya chakula, hata uwe umekisuuza mara kumi, umempoteza.

Sabuni ya maji ya dumu inapatikana Kariakoo kwa bei nafuu, ila nyingine imeongezwa maji mpaka imebaki rangi na harufu. Nunua kidogo kwanza, osha nayo sufuria yenye mafuta ya jana, ndipo ununue dumu. Jik usinunue ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na kibandiko, kwa sababu bila kujua nguvu yake huwezi kuichanganya kwa kipimo.

Mashine ya kufyonza vumbi iache kwanza. Nyumba nyingi za hapa ni vigae, na fedha hiyo itakufaa zaidi kwenye nauli na ngazi nzuri.

## Hatua ya 1: Jisajili, lakini usikwame hapa

Pata TIN kutoka TRA. Haina malipo, na utahitaji namba yako ya NIDA. Ukitaka jina la biashara, lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa njia ya mtandao. Leseni ya biashara hutolewa na halmashauri unakofanyia kazi, iwe Kinondoni, Ubungo, Temeke, Kigamboni au Jiji la Dar es Salaam ambalo zamani lilikuwa Ilala, na maombi yanapitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri.

Kwa nini usumbuke mapema? Kwa sababu nyumba zinazolipa vizuri mara nyingi ziko chini ya msimamizi wa jengo, na msimamizi atakuomba TIN na risiti kabla hajakuruhusu kupita getini.

Chukua pia laini ya simu ya biashara peke yake, na Lipa Namba. Hela ya kazi ikiingia kwenye laini yako ya kawaida itanunua unga na umeme, na mwisho wa mwezi utaapa kwamba biashara haina faida.

## Hatua ya 2: Safisha nyumba yako ukiwa na saa

Kabla hujamgusia mtu bei, jua mikono yako inatumia muda gani. Safisha kwako, kisha kwa dada yako, kisha kwa rafiki, na uandike dakika za kila chumba. Usikisie.

Vipimo vyangu kwa usafi wa kina, mtu mmoja akifanya, ni hivi: chumba cha kulala dakika 45, sebule saa moja, jiko saa mbili, bafu lenye choo dakika 45, dirisha moja la alumini lenye wavu dakika 20. Wewe utakuwa na vyako. Anayeanza huwa anashangazwa na madirisha: nyumba ya kawaida yanafika tisa au kumi, na hayo peke yake ni saa tatu za mtu mmoja.

Ukisafisha nyumba tatu na makisio yako yakapishana na saa kwa nusu saa tu, uko tayari kutafuta mteja.

## Hatua ya 3: Wateja watatu wa kwanza

Usichapishe vipeperushi. Hakuna anayemfungulia mlango mtu wa kwenye karatasi.

Nenda kwa wanaokutana na nyumba chafu kila siku: fundi rangi, fundi vigae, dalali wa nyumba za kupanga. Dalali anajua mpangaji anahama lini, na nyumba chafu humchelewesha kupata chake. Fundi rangi akimaliza anaacha matone kwenye vioo na sakafu, na mwenye nyumba anatafuta mtu siku hiyohiyo. Kubaliana na kila mmoja asante yake mapema, kwa kiasi kinachojulikana, na uiweke kwenye hesabu ya bei.

Njia ya pili ni watu wanaokujua tayari: jumuiya, msikiti, kwaya, kikundi cha WhatsApp cha mtaa au cha wazazi wa darasani. Tuma ujumbe mmoja mfupi na picha mbili za kazi yako, kisha nyamaza. Anayetuma tangazo kila asubuhi huwekewa ukimya.

Jua pia majira. Wiki mbili kabla ya Idd simu hazikomi, kadhalika kabla ya Krismasi. Nyumba yenye sendoff au harusi huita wiki moja kabla. Nyumba iliyotoka msibani inahitaji usafi mkubwa, ila hapo usijitangaze, subiri uitwe.

## Hatua ya 4: Nenda ukaione nyumba

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo iliyonifanya niandike haya yote.

Mteja akipiga, swali lake la kwanza litakuwa bei. Usimkwepe kwa ujanja, mwambie ukweli:

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyumba ya vyumba vitatu mnafanya shilingi ngapi?"

"Mama, nikikutajia sasa nitakudanganya. Naomba nipite kesho saa kumi jioni, dakika ishirini tu. Nikishaona nakupa bei palepale, na haitabadilika siku ya kazi."

"Haya, njoo. Ukifika kituoni unipigie."

Wachache watakata simu. Waache waende. Wengi wao ni wale wanaopiga simu kwa watu sita kutafuta bei ya chini kabisa, na kazi zao ndizo zinazoishia saa mbili usiku.

Kama ni mbali mno, omba video ya WhatsApp, lakini usiombe "video ya nyumba", kwa sababu utaonyeshwa sebule iliyopangwa. Omba sehemu nne: nyuma ya jiko la gesi, pembe za bafu chini, wavu wa dirisha kwa karibu, na panga la feni kwa juu. Nne hizo zinakwambia nyumba nzima.

Ukifika, salimia kila mtu, akiwemo dada wa kazi. Hapa nitasimama kidogo. Dada wa kazi akikuona na ndoo anaweza kudhani umekuja kumchukulia kazi, au kwamba wewe ndiye ushahidi wa bosi kuwa hasafishi vizuri. Mwambie mwenyewe: "Mimi nakuja siku moja tu, mdogo wangu, yale ya juu na ya nyuma ambayo wewe huwezi kufika na kazi ulizonazo." Akiwa upande wako atakuonyesha bomba linalovuja na taulo lisiloguswa. Akiwa dhidi yako, kitu kikipotea wiki mbili baadaye jina lako ndilo litakalotajwa kwanza.

Kisha kagua, ukiandika:

Maji. Ni ya DAWASA au ya kisima? Visima vingi vya huku vina chumvi, na chumvi hiyo huganda nyeupe kwenye bomba, kioo cha bafu na vigae. Kuitoa ni kazi ya ziada. Uliza pia tangi lina maji siku gani. Nimewahi kufika na watu wawili tukakuta tangi tupu, tukasubiri bowza mpaka saa saba mchana.

Umeme. Uliza kama LUKU ina yuniti. Bila umeme huna feni ya kukaushia, na bafu lisilo na dirisha huoni unachosugua.

Sakafu. Vigae, tarazo, saruji, mbao, au jiwe la marumaru halisi? Jibu hili linaamua dawa zipi zibaki nyumbani.

Urefu na umbali. Ghorofa ya ngapi, lifti inafanya kazi, maji machafu yanamwagwa wapi.

Vilivyokwisha haribika. Kioo chenye ufa, mlango wa kabati uliolegea, kigae kilichovunjika. Mwonyeshe mwenye nyumba na upige picha kwa ruhusa yake. Usipofanya hivi, ufa wa mwaka juzi utakuwa wako.

Mwisho pitisha kidole juu ya fremu ya mlango na juu ya friji. Kidole kikirudi na vumbi kavu, hiyo ni kazi ya kawaida. Kikirudi kinanata, jiko limekuwa likirusha mafuta kwa miaka, na kuta zote za karibu ziko hivyohivyo. Ongeza saa.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya bei

Twende na ile nyumba ya vyumba vitatu, usafi wa kina.

Vyumba vitatu kwa dakika 45 ni 135. Sebule 60. Jiko 120. Mabafu mawili 90. Madirisha tisa 180. Korido na baraza 45. Jumla dakika 630, yaani saa kumi na nusu. Ongeza saa moja na nusu ya kuchota maji, kusogeza samani na kula. Unapata saa 12 za mtu mmoja, au saa 6 kwa watu wawili.

Sasa fedha:

- Malipo ya watu wawili, 20,000 kila mmoja: 40,000
- Bajaji kwenda na kurudi na vifaa: 16,000
- Chakula cha mchana: 6,000
- Sabuni na dawa: 7,000
- Uchakavu wa mopu, vitambaa na ngazi: 4,000
- Akiba ya kuvunja na kuharibu: 5,000

Jumla ni 78,000. Hapo biashara bado haijapata hata senti. Ongeza asilimia 30 ya biashara yenyewe, unafika 101,400. Mwambie mteja laki moja.

Yule aliyesema elfu hamsini amemlipa mteja elfu ishirini na nane ili amsafishie nyumba.

Angalia kwamba mstari wa kwanza una watu wawili, na mmoja wao ni wewe. Wengi hujiacha nje ya hesabu, wanasema "mimi si nipo tu". Siku utakayougua au utakapotaka kumweka mtu mahali pako, utagundua bei zako hazina nafasi ya mshahara wa mtu wa pili.

Bei ikitajwa mteja atashtuka, ni desturi. Usishushe bei, punguza kazi: "Mama, tukiacha madirisha kwa sasa inakuwa elfu sabini na tano." Hapo anaona kwamba bei ina kitu ndani yake, na mara nyingi mwenyewe atasema madirisha yabaki kwenye kazi.

## Hatua ya 6: Andika mlichokubaliana

Ujumbe wa WhatsApp unatosha. Taja siku na saa, vyumba vitakavyosafishwa, visivyohusika (ndani ya makabati, nguo, vyombo), bei, na malipo ya awali. Mimi huchukua asilimia 40 siku moja kabla, ili nauli na dawa zisitoke mfukoni kwangu, na kiasi kilichobaki hulipwa kabla hatujatoka getini.

Mwombe pia ajibu "nimekubali". Jibu hilo litaamua ugomvi wote wa baadaye kuhusu "nilidhani na zulia limo".

Jioni kabla ya kazi mkumbushe mambo matatu: azime friji kama mtaisafisha ndani, aweke dhahabu na fedha anapopajua mwenyewe, na ahakikishe tangi lina maji.

## Hatua ya 7: Siku ya kazi

Fika saa mbili asubuhi. Utaratibu ni huu kila nyumba: juu kwenda chini, kavu kabla ya maji, chumba cha ndani kabisa kwenda mlangoni. Ukianza na deki kisha ukafuta feni, utapiga deki mara mbili, na mara ya pili hulipwi.

Mwaga dawa kwanza, kisha iache ifanye kazi. Jambo la kwanza mkiingia: dawa ya choo ndani ya bakuli, maji ya moto yenye sabuni juu ya jiko la gesi (funga mtungi kwanza), na kitambaa kilicholowa siki kwenye bomba na kioo cha bafu chenye chumvi. Viache dakika 20 mkiwa vyumbani. Mtakaporudi, chumvi itatoka kwa sponji. Msingeiloweka, mngeikwaruza kwa stiliwaya na kuacha mistari kwenye kioo cha watu.

Feni. Zima swichi na usubiri isimame kabisa. Livishe panga moja foronya kuukuu kama unavyovisha mto, bana kwa viganja juu na chini, kisha vuta kuelekea kwako taratibu. Vumbi lote linabaki ndani ya foronya. Ukifuta kwa kitambaa kilicholowa, vumbi linadondoka vipandevipande kitandani, na lililobaki linageuka tope kwenye panga. Geuza foronya nje ya nyumba, ikung'ute, rudia panga la pili.

Nyavu za madirisha. Piga brashi kavu kwanza, ukitokea ndani kwenda nje. Vumbi la wavu likikutana na maji kabla ya brashi linakuwa udongo, na utauona mchirizi wake ukutani ukishakauka. Halafu maji ya sabuni, halafu maji safi, halafu kioo. Kioo usikioshe jua likikipiga, sabuni itakauka kabla hujaivuta na mpira.

Jiko. Mafuta hayatoki kwa nguvu, yanatoka kwa moto na muda. Maji ya moto, sabuni ya maji, dakika 15, kikwanguo cha plastiki. Vuta jiko na friji mbele. Mwenye nyumba atachungulia nyuma yake, hilo halina mjadala.

Bafu na choo. Hapa ndipo watu huumia. Sikiliza vizuri.

Jik na dawa ya choo yenye asidi visikutane kamwe, wala Jik na siki. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho na mapafu, na bafu la Dar mara nyingi lina kidirisha cha ukubwa wa daftari. Ukitumia Harpic, suuza kwa maji mengi, vuta maji ya choo mara mbili, na Jik iwe kwa sehemu nyingine, si kwenye bakuli lilelile. Ukisikia harufu kali ya ghafla inayokaba koo, usimwage maji wala usifunike. Toka nje, acha mlango wazi, ngoja.

Jik haisafishi uchafu. Inaua vijidudu, na uchafu humaliza nguvu yake. Kwa hiyo sugua na sabuni, suuza, ndipo upake Jik. Chupa nyingi zimeandikwa asilimia 3.5, kwa kipimo hicho, kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe 34 vya maji kinakupa asilimia 0.1, inayotosha kwa sehemu zilizokwisha oshwa. Tumia maji ya baridi, acha dakika 10, suuza. Changanya ya siku hiyo tu, kesho itakuwa imepungua nguvu. Na isiguse nguo za rangi, zulia wala alumini.

Sakafu. Ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia mopu. Ukitumia ndoo moja, baada ya chumba cha pili unapaka maji ya tope kwa usawa nyumba nzima, na vigae vikikauka vinakuwa na ukungu unaoonekana jua la jioni likiingia.

Asidi isiguse tarazo wala marumaru halisi: si Harpic, si siki, si ndimu. Mwaka wangu wa kwanza nilimwaga dawa ya choo kwenye sakafu ya tarazo ya nyumba ya zamani kule Upanga, nikitaka kutoa doa la kutu lililoachwa na mguu wa meza. Doa lilitoka ndani ya dakika moja. Mng'ao ukatoka nalo, duara jeupe la ukubwa wa sahani katikati ya sebule. Mzee mwenye nyumba alilitazama, akaniambia, "Mwanangu, hii sakafu aliimwaga baba yangu." Fundi wa kusaga tarazo alichukua fedha yote ya kazi ile na ya kazi mbili zilizofuata. Ndiyo maana kwenye hesabu yangu kuna mstari wa kuvunja na kuharibu, na ndiyo maana ninauliza sakafu kabla ya bei.

Ukiokota kitu. Hereni nyuma ya sofa, noti mfukoni mwa suruali, usikiweke kwenye apron yako "nisije nikasahau". Mwite mwenzako aone, piga picha mahali kilipo, kiweke mezani sebuleni, mwambie mwenye nyumba saa hiyohiyo. Droo iliyofungwa haifunguliwi hata kama ina vumbi.

## Hatua ya 8: Kabidhi kwa kutembea

Usiseme "tumemaliza mama" ukiwa umeshika begi. Tembea naye chumba kwa chumba, ukiwa na kitambaa mkononi. Akionyesha doa, lifute palepale mbele yake. Dakika kumi hizi huokoa simu ya saa tatu usiku.

Mpe saa 24: akigundua mlichoacha, mnarudi bure kukifanya. Wanaoomba kurudiwa ni wachache sana, na wale wachache ndio huwa wateja wa kudumu, kwa kuwa wameona kwamba unarudi.

Utajua kazi imekaa sawa mwenye nyumba akivua viatu mlangoni mwake mwenyewe bila kuambiwa.

## Hatua ya 9: Mgeuze awe wa kila wiki

Usafi wa kina wa mara moja unakupa hela ya leo. Biashara inasimama kwa nyumba zinazokuita kila wiki au kila wiki mbili, kwa siku ileile.

Siku ya kukabidhi, nyumba ikinukia, ndiyo siku ya kusema: "Mama, tukija kila Jumatano hatuhitaji saa sita, saa mbili na nusu zinatosha, na bei inakuwa hii." Piga hesabu yake upya kwa njia ileile, usichukue laki moja ukaigawa kwa kukisia. Panga wateja kwa eneo: Jumanne Sinza na Kijitonyama, Jumatano Mikocheni. Asubuhi Kigamboni na mchana Goba ni siku uliyoitumia barabarani.

Kwenye daftari andika kila nyumba: saa ulizokisia, saa ulizotumia, fedha iliyoingia, iliyotoka. Nyumba inayozidi makisio mara tatu mfululizo, bei yake ipande au iondoke.

## Hatua ya 10: Kuongeza watu

Usiongeze mtu mpaka wateja wa kila wiki wajaze siku nne. Mtu mpya chukua nakala ya NIDA, barua ya serikali ya mtaa na mdhamini anayefikika, kisha mfundishe nyumbani kwako, si kwa mteja. Mpe bafu lako, toka nje, rudi baada ya dakika 45.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Ukishaajiri rasmi, michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri na mwajiriwa wakigawana, na kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mtu wako atapanda ngazi na kushika dawa kali kila siku, kwa hiyo huu si mstari wa kuruka.

Usimtume msichana peke yake kwenye nyumba, hata ya mteja wa siku nyingi. Wawili kila mara. Mteja akisema "nitumie mmoja tu, kazi ni ndogo", jibu ni kwamba hamfanyi hivyo.

## Kazi za kukataa

Madirisha ya ghorofani kwa nje. Kuosha ndani ya tangi la maji. Kupulizia dawa ya wadudu, hiyo ni ya wenye kibali. Sofa na mazulia pia, mpaka uwe na mashine ya kuvuta maji. Masika sofa lililolowa halikauki kwa siku tatu, linatoa harufu ya mbwa, na wewe ndiye utakayelinunua.

## Ufunguo

Siku moja mteja wa kila wiki atakupa ufunguo wa nyumba aende kazini. Ufungie ufunguo huo kibandiko chenye namba tu, bila jina wala mtaa, na namba hiyo ijulikane kwenye daftari lako pekee. Akiuhitaji ghafla, mpelekee mwenyewe. Usimpe bodaboda aupeleke, hata kama ni wa kijiweni kwenu na mmesoma naye shule ya msingi.